Bwana Bohari Alivyotuwekea Akiba

Siku tuliyomzika Bwana Bohari, kila aliyesimama kusema alisema marehemu alikuwa mtumishi mwaminifu. Walisema kweli, na balaa lake lilikuwa hapo hapo. Nimefanya kazi na wezi maisha yangu yote. Mwizi wa dawa unamjua. Unafunga kabati, unamsemea kwa wakubwa, na akizidi anafukuzwa. Lakini mtu mwaminifu akishikilia ujinga, nani atamfukuza? Anapewa cheti cha mfanyakazi bora, anakitundika ukutani, na ujinga unaendelea na kazi.

Jina lake silitaji, maana watoto wake wapo na hawajanikosea. Alizaliwa wapi na ukoo wake upi, hayo aliyasoma katekista kaburini na mimi sikuyasikiliza. Kwangu mimi alianzia mlangoni pa bohari ya vifaa vya tiba, funguo zimening'inia kiunoni, na mjini kote alijulikana kwa jina hilo la Bwana Bohari. Hata mkewe alimwita hivyo. Tulikuwa majirani mtaa wa Kilakala, hapa Morogoro, ua wake na wangu umegawanywa na michongoma. Mimi nilikuwa nesi. Pamba, sindano na bandeji nilizozitumia kazini zilipita kwanza mikononi mwake, kwa hiyo naweza kusema nilimjua kuliko alivyopenda.

Alikuwa na tabia ya kunusa. Boksi likishushwa kwenye lori, kabla hajasoma kilichoandikwa ubavuni, aliinama akalinusa kama mama anavyonusa maziwa. Kisha anainuka, anatabasamu. "Hii ya nje hii." Boksi la kiwanda cha Dar es Salaam alilinusa pia, ila kwa mbali, na baada ya hapo alifuta pua kwa leso. Alisema kitu cha nje kina adabu: ukikiweka mahali kinakaa. "Cha hapa, Sista, ukikiweka kinakuangalia usoni."

Wapagazi wa bohari walikuwa wakimwiga anaponusa, nao walikuwa hodari kweli. Aliwahi kuwafuma, akadhani wanajifunza kazi.

Watoto wa siku hizi wakinisikia watadhani alikuwa hivyo tangu zamani. Hapana. Miaka ile ya foleni, sabuni inagawiwa kwa mche kwenye duka la ushirika, yeye ndiye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, na kwa kujitegemea hakuna aliyemshinda. Aliwahi kuingia bafuni kwangu, akakuta sabuni yenye marashi niliyoletewa na shoga yangu kutoka Nairobi. Akaiinua kwa vidole viwili kama aliyeokota panya. "Hii imetoka wapi, Sista? Wenzako wanaogea nini?" Alinisema mbele ya mkutano wa nyumba kumi, na sabuni ikachukuliwa. Ilikwenda kuogea nani, sijui mpaka leo.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa chini sokoni Sabasaba, na kila mtu akaanza kulitaja soko huria kama anavyomtaja mjomba aliyerudi na pesa. Bwana Bohari aligeuka hata bila kuvua shati. Shati lile lile la kola fupi, kalamu zile zile mfukoni, na mdomo ule ule uliokuwa ukisema "tutengeneze vyetu" sasa unasema "vyetu havina viwango." Hakuona haya, kwa sababu hakuona kwamba amegeuka. Alikuwa mtu wa kufuata upepo wa ofisini, na yeye aliuita msimamo.

Na bado, kwa tumbo lake, alikuwa Mluguru wa milimani asiyetikisika. Nyanya za Dodoma hakuzigusa. Kabichi lazima itoke Mgeta, ndizi zitoke Matombo alikozaliwa mkewe, na mama wa mboga akimdanganya alimjua kwa kulitazama jani. Siku moja nilimwambia, "Bwana Bohari, mbona kabichi huagizi Ulaya?" Akanishangaa kabisa. "Kabichi unaila, Sista. Lazima ujue ilikotoka." Nikamwambia na glavu ninaivaa. Akasema hayo ni mambo mawili tofauti, akaondoka na kabichi yake kwapani.

Ya uaminifu wake ni ya kweli, acha niyaseme. Mzee Gulam, Mhindi mwenye duka kubwa la vitambaa mjini, alitaka zabuni ya mashuka ya hospitali, na sikukuu ya Idi akampelekea beberu. Bwana Bohari alimrudisha beberu yule kwa miguu, yeye mwenyewe ameshika kamba, akakatiza naye soko zima ili watu waone. Mzee Gulam alicheka mpaka akakohoa. "Huyu bwana nimempa mbuzi amenichukia," alituambia baadaye. "Ningempa karatasi yenye muhuri wa Ulaya angenipa bohari." Alimsoma vizuri kuliko sisi sote.

Sasa nije kwa wifi yangu, Theresia.

Theresia ni mke wa kaka yangu. Alikuwa kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa, mashine zikawa zinasubiri mnunuzi na wafanyakazi wanasubiri kiinua mgongo. Yeye hakusubiri. Alikusanya wanawake wenzake, wakapanga chumba Mji Mpya, wakaingiza cherehani zao, na mimi nikawaambia kitu ambacho hospitali ilikililia kila siku: aproni za kuzuia damu na uchafu, majoho ya chumba cha upasuaji, na vile vitambaa vya kufunika pua na mdomo ambavyo siku hizi tunaviita barakoa. Turubai laini walinunua kwa Mzee Gulam.

Aproni zao za kwanza zilikuwa ovyo. Nasema ovyo. Nilivaa moja wodi ya wazazi, maji yakapenya kwenye matundu ya sindano nikarudi nyumbani nimelowa mpaka shimizi. Nilimtupia Theresia aproni yake mapajani. Hakununa. Aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaona matundu yote yanavyopitisha jua, akacheka. Wakajaribu nta, ikapasuka. Wakajaribu gundi ya kubandikia viraka vya baiskeli, ikashika. Wakashusha shingo, wakarefusha kamba, kila wiki nikiwaletea malalamiko ya manesi wenzangu, na kila wiki wakibadilisha. Mwisho nikawa na aproni ambayo ungeweza kuitekea maji. Hivyo ndivyo kitu kinavyokuwa kizuri. Kinavaliwa na mtu mwenye mdomo, na aliyekishona anakaa karibu kiasi cha kusikia.

Mganga Mkuu wetu wakati ule alikuwa mtu mwenye akili, kwa hiyo hakudumu. Yeye ndiye aliyeitisha mkutano kuhusu akiba ya dharura, yaani yale maboksi yaliyokuwa yanawekwa kando kusubiri mlipuko wa maradhi. Alitaka wakubaliane neno moja na kulipeleka wizarani: kwamba kile kinachotengenezwa nchini, serikali ilazimike kukinunua hapa kwanza kwa ajili ya akiba, kila mwaka, maradhi yawepo yasiwepo. Mimi nilikuwepo kuwakilisha manesi. Theresia aliitwa alete mfano wa kazi yake, akakaa karibu na mlango, aproni imekunjwa mapajani. Wakubwa walikunywa soda, wakala biskuti za kwenye makopo, wakasifu biskuti.

"Glavu hatuna wa kuzitengeneza hapa, hizo tutaagiza," alisema Mganga Mkuu. "Lakini aproni? Joho? Kule Mzinga kuna kiwanda kikubwa cha risasi cha serikali, na hakuna anayeuliza kwa nini tusinunue nje kwa bei nafuu. Tunasema ni usalama wa taifa. Sasa nesi akiwa kifua wazi mbele ya kipindupindu, huo si usalama?"

Bwana Bohari akasimama. Akaomba aproni ya Theresia, akaivuta kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mshono haukuachia. Akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha. Akaikunja vizuri sana, maana kukunja alijua, akamrudishia.

"Kazi nzuri, mama," akasema. "Ningekuwa na bucha ningeinunua."

Watu wakacheka. Mpaka leo nazikumbuka sura za waliocheka.

"Lakini dharura ni kitu kizito," akaendelea. "Dharura inataka viwango. Na hili neno 'lazima' tumeshalizika, ndugu zangu. Kumlazimisha mnunuzi ni ukiritimba unaorudi kwa mlango wa uani. Tuko kwenye soko huria. Hawa kinamama waendelee kushona, na siku dharura ikija, tukipungukiwa, tutawaita."

Theresia hakuwa ameulizwa, lakini alisimama. Hakupandisha sauti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mimi nina watoto wanakula kila siku. Siwezi kukaa na cherehani nasubiri watu waugue. Msiponunua sasa, siku mtakayokuja kuniita mtakuta cherehani nimeuza."

"Mungu apishe mbali," Bwana Bohari akasema, na akaketi, na akachukua biskuti. Neno la Mganga Mkuu likaandikwa kwamba litaangaliwa tena. Kabla hawajaliangalia, mwenyewe akahamishiwa mkoa mwingine.

Akiba ikaagizwa nje. Maboksi yalipokuja yalikuwa mazuri kweli, yamefungwa kwa mikanda ya plastiki, na muhuri mwekundu kila pembe. Bwana Bohari aliyanusa yote. Akayapanga kwenye chumba cha nyuma chenye bati tupu juu, akafunga kufuli, na akatoa amri kwamba hayafunguliwi mpaka dharura itangazwe. Mara mbili tatu nilimwomba tuchungulie tuone kilichomo.

"Nikivunja muhuri si akiba tena, Sista. Ni matumizi."

Wale waliopata kukaa Morogoro miezi ya kiangazi wanajua joto la chumba cha bati mchana. Mimi nilimtajia. Akaniambia wazungu wanajua walichofunga.

Masika moja kipindupindu kikashika vijiji vya barabara ya Matombo. Kambi ya wagonjwa ikafunguliwa Mkuyuni, kwenye madarasa ya shule, na mimi nikawa miongoni mwa manesi waliopelekwa. Tulifika asubuhi tukakuta watu wamelazwa kwenye madawati yaliyounganishwa, ndoo chini, maji machafu yanatiririka mpaka barazani. Gari la akiba lilikuwa nyuma yetu na Bwana Bohari mwenyewe amekaa mbele. Dharura ilikuwa imetangazwa. Alishuka, akakata mikanda kwa heshima zote, akavunja muhuri.

Glavu zilikuwa zimeyeyuka zikagandana, pakiti nzima donge moja kama halua iliyosahaulika juani. Aproni zile za nje, nyembamba kama ganda la kitunguu, zilikuwa zimekatika kila palipokunjwa; ukiinua moja, inabaki shingo mkononi na sehemu nyingine inadondoka. Tukafungua boksi la pili. Tukafungua yote.

"Yalikuwa na muhuri," Bwana Bohari akasema. Akasema tena, "Sista, si uliona yalikuwa na muhuri?"

Tulivaa mifuko ya mikate mikononi na kuifunga kwa uzi. Kiunoni tulifunga kanga. Mhudumu wetu wa usafi, Mama Zuhura, mwanamke mnene mwenye utani mwingi, ndiye aliyebeba ndoo na kudeki yale madarasa, maana manesi tulikuwa tunahangaika na dripu. Mchana kanga yake ilikuwa imelowa chepechepe, na ya kubadilisha hakuwa nayo. Alikuwa akinitania: "Sista, hii mifuko ya mikate ingekuja na mkate ningeshukuru."

Gari likarudishwa mjini kumfuata Theresia. Alikuwa ameuza cherehani, kama alivyosema. Zilibaki mbili, na wenzake wengi walikuwa wametawanyika, mmoja anauza vitumbua, mwingine karudi kwao mlimani kulima maharage. Alikusanya aliowapata. Mzee Gulam akafungua duka akawapa turubai, akasema habari ya malipo wazungumze watu wakishapona. Walishona wakipokezana, na aproni walizoweza kumaliza zilitufikia kesho yake. Hazikututosha. Chumba kizima cha cherehani kingetutosha.

Mama Zuhura aliivaa aproni yake siku moja tu. Kesho yake alianza kuharisha, na wiki haikuisha tukamzika. Mimi si mjinga, najua mtu anaweza kuambukizwa hata akiwa na glavu. Lakini najua pia nilichokiona: mwanamke amelowa uchafu wa wagonjwa kutwa nzima, na aproni iliyotakiwa kumkinga iko pale nje, imekatika vipande vipande kwenye boksi lenye muhuri.

Nataka niseme na hili, nisije nikaitwa mwongo na waliokuwepo. Bwana Bohari hakukimbia. Alibaki Mkuyuni mpaka kambi ikafungwa. Alibeba ndoo kwa mikono mitupu, alichanganya dawa ya kuua vijidudu, alisaidia kumwingiza Mama Zuhura kaburini na alilia mbele za watu. Woga hakuwa nao, na moyo alikuwa nao. Alichokosa ni kitu kidogo zaidi ya hivyo, ambacho hakiuzwi nje wala ndani.

Maana tuliporudi mjini, nikasubiri. Nilidhani mtu akiona hayo atabadilika. Baada ya muda nikasikia nyundo kule bohari, mafundi wanapanda na kushuka, nikafurahi sijui kwa nini. Jioni nikamkuta kwenye michongoma anamwagilia.

"Bwana Bohari, kuna kazi gani kule?"

"Tunaweka dari," akasema, na uso wake ulikuwa umenyooka kama wa mtu aliyetubu. "Nililifikiria sana lile jambo, Sista. Kosa langu halikuwa kuagiza. Kosa langu lilikuwa kuhifadhi. Akiba mpya ikija itakuta dari."

"Inatoka wapi?"

"Kule kule."

"Na aproni za Theresia?"

"Zile zilitusaidia sana. Nimeandika kwenye taarifa kwamba wananchi walijitolea."

Walijitolea! Nikaingia ndani nikafunga mlango, kwa sababu mkononi nilikuwa na jembe.

Ndivyo ilivyokuwa, na sikuona mwaka uliokuwa tofauti mpaka alipostaafu. Maboksi yalikuja, yakakaa chini ya dari, yakapitwa na wakati, yakachomwa moto nyuma ya bohari, yakaja mengine. Theresia aligeukia kushona sare za shule. Akishikwa na hasira husema moshi ule aliujua kwa rangi, na kwamba ni pesa ya cherehani zake inayopaa kwenda Uluguru. Mimi nilikuwa namwambia wifi, mpuuze. Yeye mwenyewe hakuweza kumpuuza, wala mimi.

Mimi na Bwana Bohari tulikutana kwa maana ya kukutana mara moja tu baada ya hapo, wote wawili tumeshastaafu. Mkewe alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja haukufanya kazi, ulimi ulikuwa mzito lakini akili iko timamu, na hospitali ilikuwa imemruhusu aende kuuguzwa nyumbani, yaani afe akiwa kwake. Watoto walikuwa mbali. Asubuhi moja nilivuka michongoma kumjulia hali nikamkuta Bwana Bohari chumbani anamwogesha, hajui aanzie wapi, shati limelowa, godoro limelowa, mke ametazama ukutani kwa aibu.

Nilimfunika mgonjwa, nikatoka, nikaenda moja kwa moja Mji Mpya. Nikarudi na mpira wa kutandika kitandani, na aproni mbili, ambazo Theresia alizitoa sandukuni bila kuuliza ni za nani. Nilimwambia ni za nani. Akaongeza na ya tatu.

Nilipoziweka juu ya kiti, Bwana Bohari aliichukua moja akaitandaza. Alikuwa amekonda. Akapitisha vidole kwenye mshono, taratibu. Kisha akanivuta pembeni, mlangoni.

"Sista," akanong'ona, "naomba kitu kimoja. Mwambie mama hizi ni za nje."

"Kwa nini?"

"Atatulia. Atajua amepata kitu kizuri."

Nilimtazama mzee yule. Miaka yote nilikuwa nimeweka maneno ya kumwambia siku nikimpata, na yalikuwa mazuri, niliyanoa. Nikafungua mdomo. Lakini kitandani mtu alikohoa.

"Bwana Bohari," mkewe akaita. Maneno yalimtoka mmoja mmoja, yameinama upande. "Kiharusi kimenipiga mkono. Masikio mazima."

Bwana Bohari akageuka.

"Mimi nimezaliwa Matombo, juu ya jani la mgomba," mke akasema. Akapumzika. "Hiyo ya nje utavaa lini? Mimi nimelowa sasa."

Mzee akabaki amesimama na aproni mkononi. Akaiangalia, akaivaa kwa kuingiza kichwa, akaanza kutafuta kamba kwa nyuma na hakuzipata, maana katika maisha yake yote ya kazi alikuwa ametoa aproni maelfu kwa maelfu na hakuwahi kuvaa hata moja. Akanigeuzia mgongo. Nikamfunga.

"Inabana," akasema.

"Haibani," mkewe akajibu. "Njoo unigeuze."

Akaenda. Nilimwonyesha mahali pa kuweka mkono, mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, na tukamgeuza pamoja.